Gari Linapokuwa Jepesi
Mhadhara kwa mafundi na madereva wa Usangu, Rujewa

Hakuna gereji hapa Rujewa isiyojua malalamiko haya: "Fundi, mjini gari halina shida yoyote, lakini likifika mia linakuwa jepesi." Mwingine husema linacheza. Mwingine husema linatangatanga, au mkia unakwenda kivyake. Na jibu analopewa mwenye gari, kabla hata boneti halijafunguliwa, huwa ni moja: kafanye alaimenti.

Nimekuja kusema kwamba jibu hilo linatolewa mapema mno. Alaimenti ndiyo kazi ya mwisho. Fundi anayeanza nayo anapima pembe za gari ambalo tairi zake hazilingani, bushi zimekufa na mzigo umelikalisha mkia. Vipimo anavyoviweka leo vitakuwa vimehama kesho. Mwenye gari atarudi na hasira, na safari hii atakuwa ameshalipa.

Kwanza tuelewe kwa nini ugonjwa huu unaonekana sana kwetu. Anayetoka Dar es Salaam hukutana na milima na kona nyingi: Kitonga inamtaka gia ndogo, na kutoka Iringa hadi Mafinga malori hayamwachii nafasi. Akishapita Makambako, barabara inashuka kama mita 600 hadi kwenye bonde letu. Baada ya Igawa inanyooka kuelekea Chimala na Igurusi, mashamba kulia, safu ya milima kushoto, na mshale unapita mia dereva akiwa bado anazungumza na abiria wake. Kasoro iliyokuwa imelala tangu Morogoro inaamka hapa.

Mwendo hubadilisha mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni upepo. Nguvu yake juu ya bodi hukua kwa mraba wa mwendo: gari likitoka 80 kwenda 120, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini upepo unalisukuma na kulinyanyua kwa nguvu mara mbili na robo. La pili ni muda. Kwenye 100 gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kulirekebisha gari lililopinda digrii moja, limeshahama sentimita 24 kando, na upana wa njia yetu si wa kuchezea kiasi hicho wakati lori la Zambia linakuja mbele. La tatu ndilo lisilofahamika sana: tairi hupoteza uwezo wa kutuliza myumbo kadiri mwendo unavyopanda. Gari hilohilo likisukumwa kidogo kwenye 60 hutulia mara moja. Likisukumwa vilevile kwenye 110 hupepesuka huku na huku kabla ya kutulia. Kwa hiyo gari likiwa jepesi kwenye mia, kasoro yake ilikuwepo tangu kwenye 50. Mwendo mdogo ulikuwa ukiifunika.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya jeki na spana, muulize dereva. Muulize linaanza kwenye mwendo gani, na ukiongeza mwendo linazidi au linakwisha. Muulize linafanya hivyo likiwa tupu au likiwa na mzigo, kwenye upepo au hata pakiwa shwari, akishika breki au akiachia mafuta. Muulize ni kitu gani kilifanywa kwenye gari hilo kabla halijaanza kuyumba. Swali hili la mwisho ndilo la thamani kuliko yote, maana magari mengi yanayoyumba hayakuzaliwa hivyo. Yalifanywa hivyo na mtu, akidhani anayaboresha.

Usukani ukitetemeka kuanzia 85 au 90 kisha ukatulia kwenye 115, hapo hatuna habari ya alaimenti kabisa. Hiyo ni balansi, au rimu iliyopinda, au tairi yenye uvimbe, au habu iliyofungwa na uchafu nyuma yake. Tairi ya gari dogo kama Toyota IST ina mzunguko wa karibu mita mbili, kwa hiyo kwenye 100 inazunguka mara 14 kwa sekunde. Gurudumu pamoja na viungo vyake, likiwa limeshikiliwa kati ya springi na mpira wa tairi, lina mdundo wake wa asili unaokaribia hapohapo, kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Midundo miwili ikikutana, mtikisiko unakuzwa. Ukivuka mwendo huo, inaachana na usukani unatulia. Gramu 30 za risasi ya kubalansi zikidondoka kutoka kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, kwenye mwendo huo gurudumu linavutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo nne na nusu, mara 14 kila sekunde. Tope kavu la shamba la mpunga lililoganda ndani ya rimu linaweza kuwa na uzito zaidi kuliko hizo gramu 30. Kabla hujamtuma mtu Mbeya kubalansi, osha rimu zake kwa ndani.

Gari linalotangatanga ni jambo jingine. Halitetemeki, ila dereva hapumziki. Kila wakati anasogeza usukani kidogo huku na kidogo kule. Na gari ambalo mkia wake unacheza ni la tatu, nalo ndilo linaloua, maana pua ikikosea dereva anaona na anaweza kupunguza mwendo, lakini mkia ukishatangulia wengi wetu hatuna mikono ya kuurudisha.

Yote matatu huanzia chini, kwenye tairi, na hapa nitakaa kidogo.

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo. Pale pana kibandiko, na kwa magari yetu mengi kimeandikwa kwa Kijapani, lakini namba ni namba. Utaona 220, 230, pengine 240. Hizo ni kilopaskali. Gawanya kwa 6.9 upate psi: 230 ni 33. Wapo wanaojaza 40 ili "gari liwe jepesi kukimbia" na wapo wanaoacha 24 ili lisigonge mashimo. Wa 24 ana tairi inayojikunja ubavuni, hivyo usukani unaamuru na tairi inatii baadaye. Wa 40 amepunguza sehemu ya tairi inayogusa lami. Pima asubuhi, tairi ikiwa baridi. Tairi inayotoka safarini imepanda psi kadhaa, na ukiipunguza hapo ilingane na kibandiko, ikipoa itakuwa chini ya kipimo.

Huwa naulizwa kama mwinuko wa nchi yetu unaharibu vipimo. Hewa ya nje hupungua nguvu ukipanda, kwa hiyo kipimo cha tairi huongezeka. Baridi nayo hukipunguza. Aliyejaza 33 Dar es Salaam kwenye joto la digrii 30 akafika Makambako alfajiri kwenye digrii 10 atakuta karibu kilekile, maana mwinuko umeongeza karibu psi tatu na baridi imeondoa kama hizohizo. Akishuka hapa Usangu saa nane mchana atakuta 35 hivi. Hakuna cha kutisha.

Kinachotisha ni tofauti kati ya tairi za mbele na za nyuma. Marekani, miaka ya 1960, kulikuwa na gari la Chevrolet Corvair lenye injini nyuma. Watengenezaji walielekeza psi 15 mbele na 26 nyuma. Tofauti hiyo ilikuwa sehemu ya ubunifu wa gari lenyewe: tairi laini mbele ziliifanya pua iwe nzito kugeuka, ili mkia ule wenye injini usitangulie. Watu wengi hawakusoma, au walisoma wakaona haiwezekani, wakajaza sawasawa kote. Ajali zikaja, kesi zikaja, na mwaka 1965 Ralph Nader akaandika kitabu kilichobadilisha sheria za usalama wa magari nchini mwao. Serikali ya Marekani ilipolipima baadaye, mwaka 1972 ilitoa ripoti kwamba gari hilo halikuwa baya kuliko mengine ya wakati wake. Mimi nasoma mambo yote mawili pamoja: gari lile lilitulia kwa kutegemea tofauti ya psi 11, na gari lolote ambalo usalama wake unategemea kiasi hicho cha upepo wa tairi lazima mwenyewe aambiwe. Kwenye gereji zetu tairi ya nyuma yenye pancha ya polepole huonekana jambo dogo kwa sababu usukani hausemi kitu. Usukani hauwezi kusema habari za nyuma. Mkia ndio utakaosema, kwenye 110.

Kwa sababu hiyohiyo, anayenunua tairi mbili mpya azifunge nyuma. Najua hapa kuna watakaobisha, na nimebishana na watu wazima ninaowaheshimu juu ya hili. Wanasema mbele ndiko kwenye usukani, breki na mashine, kwa hiyo tairi nzuri ziende mbele. Lakini tairi za mbele zikiteleza gari linakwenda moja kwa moja na dereva anaachia mafuta. Za nyuma zikiteleza linageuka kinyumenyume. Ukiwa na mbili nzuri na mbili zilizochoka, zilizochoka ziwe mbele, na zikifikia kiwango cha kutupwa zitupwe.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu tairi ambalo linatuhusu sisi tunaonunua magari kutoka Japani. Baadhi huja na tairi za majira ya baridi ya kule. Ubavuni utaona mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na ukitazama uso wa tairi utaona kila kitalu kimechanjwa michirizi myembamba kama iliyopitishwa wembe. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barafu. Kwenye lami ya Usangu saa nane mchana vitalu vile vinajikunja, na gari linahisi kama linaelea. Dereva analileta kwako, unabadilisha tairodi, unabadilisha bushi, na tatizo liko palepale. Tazama pia namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno marefu na ikawa na umri wa miaka kumi.

Halafu tumia kiganja. Nawaomba vijana mfanye hili kila siku mpaka mkono uzoee. Weka kiganja juu ya uso wa tairi ya mbele, kipitishe kutoka nje kuja ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja unateleza na ukirudi unakukwaruza, tairi hiyo inaburuzwa kwa ubavu, yaani pembe ya kukaza au kufungua pua imeharibika. Digrii moja tu ya pembe hiyo ni sawa na kuiburuza tairi mita 17 kwa ubavu katika kila kilomita moja. Kutoka hapa hadi Mbeya mjini fanyeni hesabu wenyewe. Ukikuta mabonde madogomadogo yaliyopangana, pale panapoinuka na pale panapozama, shokapu imekufa na gurudumu lilikuwa likirukaruka. Kingo zote mbili zimelika na katikati pako salama: upepo ulikuwa mdogo. Ukingo wa ndani peke yake: gurudumu limelala, tafuta kilichopinda au kilicholegea. Tairi ni daftari la safari zote za gari lile, na dereva hawezi kubishana nalo.

Sasa nije kwenye ugonjwa ambao nauita wa kwetu, na nausema kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikipata hasara kwa ajili yake. Tunanyanyua magari. Njia za mashambani za Ubaruku, Kapunga na Madibira zina mabonde na tope, IST inakwaruza tumbo, mwenyewe anakwenda gereji, anafungiwa spesa za sentimita tano juu ya shokapu, anafurahi. Shambani anafika. Siku anakwenda Mbeya na watoto, gari linakuwa jepesi.

Kilichotokea ni hiki. Mikono ya tairodi ilikuwa imelala karibu sawa na mikono ya chini ya gurudumu, na kwa kuwa ilikwenda pamoja, gurudumu lilipopanda na kushuka kwenye matuta liliendelea kutazama mbele. Ukinyanyua bodi sentimita tano, mikono yote inainama kwa pembe ambayo haikupangwa. Kila gurudumu likipita juu ya kitu, linapanda na kugeuka kidogo lenyewe bila dereva kuligeuza. Kwenye lami iliyochimbwa mifereji na malori, magurudumu mawili ya mbele yanageuka kwa nyakati tofauti, kila moja kivyake. Dereva anahisi usukani unavutwa na mtu asiyemwona. Fundi wa alaimenti akiliweka sawa likiwa limesimama, liko sawa likiwa limesimama tu. Ongeza kwamba kitovu cha uzito kimepanda, na mhimili unaochukua nguvu za injini unazunguka kwenye pembe iliyopinda.

Tiba yake haipendezi: toa spesa. Kama mwenye gari hawezi kuishi bila kimo hicho, mwambie ukweli kwamba anahitaji gari jingine kwa shamba, au apunguze spesa ziwe za sentimita mbili, shokapu na springi ziwe mpya, alaimenti ifanywe kwenye kimo hicho, na akubali kwamba mwendo wake wa juu umeshuka.

Ndugu wa spesa ni mzigo. Chukua gari aina ya Noah lenye magunia manne ya mpunga nyuma ya siti ya mwisho. Gunia la lumbesa hufika kilo 100 na zaidi, lakini tuseme 100 kamili. Kama katikati ya mzigo huo iko sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali wa ekseli mbili ni mita 2.7, basi theluthi moja ya mzigo inanyanyuliwa kutoka mbele. Ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 400. Imeongezewa kilo 533, na ya mbele imepunguziwa 133. Tairi ya 195/65 R15 yenye alama 91 ina ruhusa ya kubeba kilo 615, na hapo ni kwa upepo kamili. Mbili ni 1,230. Nyuma ya Noah tupu pana kama kilo 650. Jumlisha, weka abiria wawili, uone umebaki na nini. Usukani umekuwa mwepesi kwa sababu pua imenyanyuliwa, na mkia uko kwenye ukingo wa uwezo wa tairi. Hakuna spana itakayotibu hilo. Magunia yasogezwe mbele, juu ya ekseli au kabla yake, mengine yaende na lori.

Baada ya tairi, kimo na mzigo, ndipo viungo. Gari lipande jeki, kisha stendi, kisha shika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, kulia na kushoto, ulitikise kwa kupokezana. Mchezo ukisikika, mwenzako aweke kidole kwenye maungio ya tairodi, la nje na la ndani. Lile la ndani limefunikwa na mpira uliokunjwa na wengi hawalifikii. Bonyeza mpira huo utalihisi. Kisha shika juu na chini. Mchezo hapo ni boli jointi au beringi. Mtu akikanyaga breki na mchezo ukatoweka, ni beringi. Usibadilishe vyote kwa pamoja kwa kuwa mteja ana hela. Badilisha kilichokufa, ujue kilikuwa nini.

Bushi za mkono wa chini zinataka mtaimbo. Zisukume kwa nguvu mbele na nyuma, tazama kama mpira umepasuka ukaachana na chuma. Bushi ya nyuma ya mkono huo ikilegea, gurudumu husogea nyuma ukikanyaga breki na mbele ukikanyaga mafuta, na gari hubadili njia kila mara. Wakati wa kufunga mpya kuna kosa linalofanywa karibu kila mahali: bolti hukazwa gurudumu likiwa linaning'inia. Mpira ule umeumbwa kujipinda kidogo kutoka kimo cha kawaida. Ukiukaza likiwa linaning'inia, gari likishuka chini mpira umeshajipinda kabla ya safari kuanza, na unapasuka katika miezi michache. Funga kwa kulegeza, shusha gari likae kwenye magurudumu yake, litikise, kisha ukaze.

Usisahau nyuma. IST ina ekseli ya nyuma ya kipande kimoja kinachojipinda, imeshikwa na bushi mbili kubwa mbele yake. Zikichoka, ekseli nzima inageuka kidogo kwenye kila kona, nawe una gari lenye usukani wa pili usio na dereva. Kwa Land Cruiser na wenzake wenye ekseli ngumu, tazama fimbo ya mshazari inayoishika ekseli isiende kando. Bushi zake zikifa, usukani hupigapiga kwa nguvu ya kutisha baada ya tuta. Wengi hubadilisha shokapu ya usukani na mpigo unapungua kwa muda. Hapo ugonjwa umefichwa, haujatibiwa.

Nati za magurudumu pia. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni niuta-mita 103, ambayo ni kama kuisukuma spana ya sentimita 30 kwa uzito wa kilo 35. Anayeipanda spana kwa miguu yote miwili anapinda diski, na diski iliyopinda inatikisa usukani kwenye breki.

Hapo ndipo alaimenti inapopata haki yake. Palipo na mashine, weka upepo sawa, mafuta nusu tangi, gari bila mzigo usio wa kawaida, na uombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Asiyekuwa na mashine karibu anaweza kufanya kazi safi kwa kamba ya kuvulia samaki. Funga kamba mbili, moja kila upande, ziwe sambamba na umbali ulio sawa kutoka kwenye vitovu vya magurudumu, kisha pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Kwa gari dogo la kawaida tofauti ya mbele iwe sifuri au milimita moja mbili za kukaza pua. Pua iliyofunguka ndiyo inayofanya gari litangetange. Pima na nyuma vilevile. Kisha pima kwa futi umbali wa kitovu cha mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto. Gari lililogonga kalvati likanyooshwa kwa macho litakwambia hapo: pande mbili zikitofautiana sentimita moja na zaidi, usiguse tairodi mpaka umejua kilichopinda.

Kuna magari ambayo yote haya yako sawa na bado yanayumba, na hapo tuutazame upepo. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki huikata barabara yetu kwa ubavu, na wa Makambako unajulikana kiasi kwamba watu wamepanga kuzalisha umeme kwa huo. Lori likikukabili, hewa inayosukumwa na pua yake inakutupa nje, kisha nyuma yake inakuvuta ndani. Gari refu juu na fupi chini linaumia zaidi, na kapu la mizigo lililowekwa juu ya paa linaongeza sehemu ya kusukumwa palepale ambapo mkono wa nguvu ni mrefu. Hata mabingwa walinaswa na upepo. Audi walipotoa TT mwaka 1998, gari lenye mgongo wa mviringo, ajali zilitokea kwenye barabara za kasi za Ujerumani, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa hewa iliunyanyua mkia na dereva aliyeachia mafuta ghafla kwenye kona alilipoteza. Magari yakaitwa yarekebishwe: wakaweka bawa dogo nyuma, wakabadilisha shokapu na vyuma vya kuzuia kulala, wakaongeza mfumo wa umeme wa kulituliza gari. Tazameni mpangilio wao. Walirekebisha hewa, viungo na mfumo kwa pamoja. Kwetu, kutoa kapu la paa lisilo na kazi ni bure.

Kwa madereva: likianza kuyumba, achia mafuta taratibu, shika usukani kwa mikono miwili bila kuung'ang'ania, usishike breki kwa nguvu, na usilipize kila myumbo kwa kuugeuza kinyume, mikono itachelewa na utaukuza. Liache lipoteze mwendo. Tairi ikipasuka fanya hivyohivyo. Na vijijini Igawa au Chimala 50 ni 50, hata gari likiwa limetulia kama meza, kwa kuwa ng'ombe na bodaboda hawajui umefanya alaimenti.

Mafundi, mkimaliza kazi msiende kulijaribu gari kwenye 120 mbele ya mteja. Lijaribuni kwenye 60, kisha 80, mahali palipo wazi, mkibadilisha njia taratibu na kuachia mafuta, mkisikiliza kama linatulia baada ya myumbo mmoja au linaendelea. Likitulia kwenye 80 kwa myumbo mmoja, limeshakwambia mengi kuhusu mia. Kisha chukua karatasi, hata ya daftari la mtoto, uandike: tarehe, kilomita, upepo wa kila tairi ikiwa baridi, milimita za pua mbele na nyuma, umbali wa ekseli pande zote mbili, spea iliyobadilishwa na upande wake. Nakala moja ibaki gereji, nyingine mpe mwenye gari aiweke pamoja na kadi ya gari, ili fundi atakayelipokea Makambako au Uyole aanzie pale ulipoishia wewe.